Boxer nyeusi ya Kisauni: tangi lililogeuka kijivu

Pikipiki yenyewe ni Boxer 150 nyeusi, ya boda, yenye kijiwe chake Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Haikuwa chakavu. Injini ilishika kwa teke moja, tairi la nyuma bado lilikuwa na meno, na mwenyewe si mtu wa kupuuza usafi: kila siku, abiria wa asubuhi wakishapungua, aliiosha. Tatizo lilikuwa tangi. Lilikuwa limegeuka kijivu. Kwa mbali ungedhani limemwagikiwa unga. Ukilisogelea unaona viduara vyeupe vimebanana, kila kimoja kina ukingo uliokoza na kati kweupe kidogo tu. Vifuniko vya ubavuni vilikuwa na hali hiyo hiyo, ila si sana.

Alikuwa na haraka ya kuiuza aongezee pesa achukue mpya. Mnunuzi wa kwanza alilitazama tangi, akakata bei hapo hapo, akasema chombo hiki kimelala juani mwaka mzima. Kijana akaja kwangu na hukumu tayari: "Ami, hii rangi ni feki. Nipigie nyingine, nyeusi nzito."

Rangi ndiyo kazi inayonilisha, kwa hivyo sina sababu ya kumvunja moyo mtu anayetaka kupaka. Lakini rangi ya kiwandani, hata kwenye pikipiki za bei ya chini, huwa imekaushwa kwa joto la tanuri, na ni ngumu kuliko yoyote nitakayoipuliza mimi chini ya mwembe. Kuikwangua kabla ya kujua kilichoiharibu ni kuvua ngao nzuri na kuvaa dhaifu, kisha kurudi vitani kwa mtindo ule ule. Nikamwambia asubiri kwanza, tulipime doa lenyewe.

Nilichagua sehemu ya tangi inayofichwa na kiti. Kwanza nikalaza kitambaa safi kilicholowa maji yasiyo na chumvi, nikabonyeza bila kusugua. Sehemu ya weupe ikaondoka. Hiyo ilikuwa chumvi ya kawaida, ndugu wa ile ya jikoni, ambayo maji peke yake yanaiyeyusha. Viduara vikabaki, vimefifia. Nikachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikalaza kitambaa kwa kama dakika moja, nikasuuza. Hapo vingi vikatoweka na chini yake ukatokea weusi wa asili, unaojiona uso ndani yake. Kijana akanyamaza. Chokaa haitishiki na maji matupu, ila mbele ya asidi, hata hii hafifu ya siki, haisimami.

Vikabaki vichache ambavyo siki haikuvifanya kitu. Ukipitisha kucha huhisi chochote, lakini ukilaza tochi ya simu sambamba na bati unaona kishimo chenye ukingo. Hapo si suala la uchafu tena. Ni klia yenyewe imeliwa, lile tabaka la mwisho lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Kwa hivyo ubaya ulikuwa wa ngazi tatu: chumvi ya kuoshwa kwa maji, chokaa ya kutolewa kwa siki, na mashimo yasiyotoka ila kwa kusaga. Rangi ya chini ilikuwa nzima kabisa. Hakukuwa na feki yoyote.

Mshukiwa mmoja nilimwachilia mapema: kunguru. Mombasa hakuna asiyewajua. Kinyesi cha ndege kina asidi na kweli huchimba rangi, ila doa lake huwa moja, kubwa, la umbo la kumwagika, na hukaa panapotazama juu. Halijipangi kwa mistari ubavuni. Alama ya namna hiyo ilikuwepo moja tu, karibu na kifuniko cha mafuta.

Tochi ilionyesha na jambo la pili ambalo mwenyewe hakulitaja kwa kuwa macho yake yameshalizoea: mikwaruzo myembamba isiyohesabika, inayozunguka mwanga kila unapousogeza. Hiyo haiwezi kuletwa na maji. Ni kazi ya mkono na tambara. Basi nikamwomba aioshe kama anavyoosha kila siku, mimi nitazame tu.

Ilikuwa saa saba mchana, msimu wa kaskazi, jua la utosi. Pikipiki imetoka barabarani, injini inatokota, tangi halishikiki. Akachota ndoo moja kisimani, akamwaga sabuni ya unga kwa kukadiria, akachukua kipande cha sponji ya godoro. Akaanza na rimu na injini, sponji ikarudi ndani ya ndoo, ikatoka nayo kwenye tangi. Maji ya ndoo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alisugua kwa nguvu, kwa mizunguko, na sabuni ilikuwa ikimkaukia upande mmoja wakati anahangaika na upande wa pili. Kisha kopo tatu nne za kusuuzia, za kisima kile kile, pikipiki ikasogezwa juani "ikauke vizuri", yeye akaenda kivulini kunywa maji ya madafu. Aliporudi ilikuwa kavu. Akachukua tambara lenye dizeli akapitisha kila mahali, likang'aa.

Dizeli ile ndiyo iliyomficha ukweli muda wote huo. Mafuta yakikaa juu ya chokaa huifanya isionekane, kama vile kioo chenye ukungu kinavyosafika ukikilowesha. Jioni mafuta yameruka au yameshika vumbi, na weupe unarudi, umeongezeka tabaka la siku hiyo. Akiona limefifia, anaongeza dizeli. Vumbi nalo likinaswa kwenye mafuta, kesho yake linasuguliwa na sponji ya godoro. Sehemu kubwa ya mchanga wa barabara ni kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko kioo, sembuse klia. Sponji ina matundu, mchanga unaingia, hautoki. Hapo mikwaruzo ikapata mwenyewe.

Sasa maji. Kisima hicho kimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kama visima vingi vya huku. Ni mawe yale yale yaliyojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, na ndiyo wazee waliyoyachoma kupata chokaa ya kujengea. Mvua inapopenya udongoni hubeba hewa ya kaboni, ikawa na ukali kidogo, ikila jiwe polepole na kushuka nalo kisimani likiwa limeyeyuka. Huwezi kuliona, maji ni meupe pe. Lakini tone likikauka juu ya bati, ile hewa inatoka na jiwe linarudi kuwa jiwe. Karibu na bahari inaongezeka chumvi, hasa kisima kikivutwa sana hadi maji ya bahari yakaanza kusogea chini kwa chini. Maji ya mfereji ya Mombasa ni habari nyingine, yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere, Tiwi. Ila mfereji una siku zake, na mtu wa boda hangoji.

Ili asinichukulie kwa maneno tu, nilipaka kipande cha kioo rangi nyeusi upande wa nyuma, nikadondosha matone manne upande wa mbele: ya kisima, ya mfereji, ya mvua iliyokingwa pipani, na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha duka la dawa jirani. Tukakiweka juani. La kisima liliacha duara nene jeupe, na ndani yake chembe zinazometameta. La mfereji likaacha ukingo mwembamba. La mvua, kivuli cha vumbi tu. La kiyoyozi ilibidi tutafute lilikuwa wapi, kwa sababu maji yale ni unyevu wa hewani uliogandia kwenye bomba baridi. Hayajawahi kupita ardhini, hayana jiwe la kuacha.

Duara linatokea hivi: ukingo wa tone ni mwembamba, unakauka kwanza, na maji ya kati yanakimbilia kujaza pengo yakibeba mzigo wao. Mzigo unarundikana pembeni. Wapo wanaosema tone huwa kama lenzi likaunguza rangi. Tone lililolala juu ya bati hukusanya mwanga mbali chini ya bati lenyewe, kwa hivyo hadithi hiyo naiweka kando. Kinachochimba klia ni kingine: tone linavyopungua, kilichomo kinakolea. Sabuni ya unga ni ya magadi, na mabaki yake kwenye tone la mwisho, juu ya bati la moto, yanakuwa makali mara nyingi kuliko yalivyokuwa ndani ya ndoo. Ndiyo maana mashimo yalikuwa sehemu ya juu ya tangi peke yake, panapopigwa na jua na panapotuama maji.

Hesabu yake ni ndogo lakini haisamehe. Maji yakizidi miligramu 180 za chokaa kwa lita huitwa magumu sana. Chukua kiwango hicho tu. Pikipiki ikibaki na robo lita ya maji mwilini baada ya kusuuzwa, yakikauka yenyewe yanaacha miligramu 45 za jiwe. Si kitu. Halafu kesho, na kesho kutwa, na hakuna hata siku moja ambapo kuna aliyeiondoa.

Kwa hiyo sabuni na jua ni washiriki, ila kosa kubwa liko kwenye kukausha. Mtu anaosha kwa bidii, kisha anaikabidhi hatua ya mwisho kwa jua. Maji yakiondolewa kwa kitambaa yanaondoka na chokaa yake. Yakiondolewa na jua, yanaondoka peke yake.

Kazi ya kusafisha yaliyopita haikuwa ndefu. Kivulini, bati likiwa baridi, nilikwenda na siki kipande kwa kipande, kitambaa kimelazwa, kimetolewa, pamesuuzwa, kabla ya kuhamia kipande kingine. Siki haifai kuachwa ikauke, na haifai kabisa kuachwa kwenye alumini tupu au kromu. Ndimu wengi hupenda kuitumia. Ni kali zaidi na inaacha mnato, mimi siishauri. Kisha kompaundi laini, dawa ya kusagia rangi, kwa mkono, mistari iliyonyooka, kwa ajili ya ile mikwaruzo. Nikakwepa kingo za stika, maana zikishaanza kuchanika huwezi kuzirudisha. Vile vishimo nilivipunguza, sikuvimaliza. Kila ukisaga unakula klia, na ukifika chini ya shimo la mwisho unaweza kuwa umefika kwenye rangi yenyewe. Kuna mafundi wa mashine ambao wangemaliza vyote na kumpa tangi la kioo kwa miezi sita. Bora vishimo vitatu vinavyoonekana kwa tochi tu. Mwisho nta, tabaka jembamba. Hapa nilimwonya: nta inafanya maji yasimame shanga shanga, na shanga zikikaukia juani zinaacha viduara vilivyo wazi zaidi kuliko mwanzo. Nta bila kukausha ni kujipa matumaini.

Anavyoosha sasa ni tofauti kuanzia saa. Ni jioni au asubuhi sana, kivulini, na injini imepumzika hadi kiganja kinakaa juu ya tangi bila kushtuka. Tundu la ekzosi analiziba kwa kipande cha mpira wa tyubu. Zamani watu walitumia karatasi za nailoni, ila tangu marufuku ya 2017 hizo hazishikiki tena. Anaanza kwa maji mengi bila kugusa, ili mchanga utelemke wenyewe. Kisha rimu, injini na mnyororo, kwa brashi na tambara lao wenyewe, ambalo halijui tangi. Tangi ni la mwisho. Najua wengi hufundisha kuanza juu kushuka chini, na kwa gari inafaa, lakini kwenye pikipiki ukianza na tangi litakaa limelowa muda wote unaohangaika na spoki na matope ya injini. Likiwa la mwisho linapata maji, sabuni, kusuuzwa na kitambaa bila kupumzika.

Ndoo ni mbili: moja ya sabuni ya maji ya kuoshea magari, kidogo tu, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Ukiiona hii ya pili baada ya kazi, mchanga umekaa chini, ndipo unaelewa ulikuwa ukienda wapi zamani. Sabuni ya kipande haitumii tena. Pamoja na maji ya chokaa inafanya utando wa kijivu unaong'ang'ania. Sponji ya godoro imekwenda kwenye rimu.

Kuosha kwenyewe bado ni kwa maji ya kisima, hakuna ubaya, mradi hayaachwi. Kusuuza kwa mwisho ndiko kunakotumia maji ya kiyoyozi: lita mbili hivi, yamechujwa kwa kitambaa, yanamiminwa polepole kutoka juu ya tangi, bila kunyunyiza, ili yashuke kama shuka moja yakiburuta ya kisima. Mwenye duka la dawa alishangaa kuombwa maji aliyokuwa akiyamwaga. Msimu wa masika anatumia ya mvua, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la mabati. Mwenzake mmoja kijiweni aliuliza kuhusu maji ya betri ya dukani. Yanafaa, yale yaliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena, ila soma chupa mara mbili: kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa na asidi ya betri, na hiyo ikigusa tangi, au macho, hakuna siki itakayosaidia.

Kisha taulo la maikrofaiba, linalazwa juu ya bati na kuvutwa kuelekea kwako, bila kusugua. Fulana kuukuu ina mishono, na mshono mgumu unakwaruza. Ukifikiri umemaliza, maji bado yamejificha: chini ya kifuniko cha mafuta, kwenye mashina ya vioo, kwenye swichi za usukani, nyuma ya indiketa. Yanasubiri uondoke, ndipo yanatiririka na kuchora michirizi. Yeye hupita kwa fundi wa pancha, anapuliziwa hewa ya kompresa kwenye mianya hiyo kwa dakika moja, kisha anafuta tena. Hewa hiyo, pamoja na ile mashine ya maji ya msukumo mkubwa, hailengwi kwenye beringi za magurudumu wala shingo ya usukani. Inasukuma maji ndani na grisi nje. Baada ya hapo anaizungusha mtaani taratibu, akibonyeza breki mara kwa mara, maana breki za ngoma zikiingiwa na maji hazishiki sawasawa mwanzoni. Mnyororo ukishakauka anautia oili ya gia, namba 90.

Kijiweni walimcheka. "Boda gani ana muda wa kupanguza kama mwali?" Pingamizi hilo lina haki yake, na jibu langu halikuwa kuongeza muda. Lilikuwa kupunguza kuosha. Pikipiki ya lami haihitaji sabuni kila siku. Sasa inaoshwa kamili mara mbili kwa wiki, siku nyingine ni magurudumu tu, ili miguu ya abiria isichafuke. Vumbi kavu kwenye tangi linaachwa lilivyo hadi siku ya maji. Kulipangusa kwa tambara kavu ni kulipiga msasa. Ukijumlisha, anatumia muda pungufu na maji pungufu kuliko zamani. Bei aliyokuja kupata baadaye ni siri yake na mnunuzi, ila rangi haikutajwa.

Kilichoshindikana ni shokabu za mbele. Chumvi ilishakula kromu kwenye zile nguzo mbili, vidoadoa vya kutu mahali ambapo sili hupanda na kushuka, na kila kishimo cha kutu kinakata mpira wa sili kidogo kidogo hadi oili ivuje. Siki hapo ingeongeza kutu. Tulisawazisha kingo za mashimo kwa msasa mlaini sana wa maji, tukabadilisha sili, na nguzo zikawa zinapanguswa kwa maji ya kiyoyozi kila jioni na kuachiwa filamu nyembamba ya oili. Sili mpya zitadumu kuliko za mwanzo, lakini si sana. Dawa kamili ni nguzo mpya, na mwenyewe aliona bora pesa hiyo aiache kwenye bei.